Uzi Uliozunguka Kushoto

2 Februari

Kwa mpwa wangu Sindano,

Salamu nyingi, nyingi kuliko manyoya ya kondoo dume. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula, unalala, na yule msimamizi wenu mnayemwita Bi Mkasi hajakumaliza. Sisi huku hatujambo. Mama yako hajambo kabisa. Mimi ndiyo usiseme, nazidi kuwa kijana, hata kioo kinaona haya.

Naandika mimi kama kawaida, maana mama yako hana shule na mimi ninayo mpaka inamwagika. Darasa la nne nililikaa miaka miwili, na waongo wanasema nilifeli. Sikufeli. Mwalimu alikataa kuniachia.

Sasa sikia. Juzi nimemnyoa yule dume mweusi wa ng'ambo ya barabara, yule aliyemvunja mtu mbavu. Wanaume watatu walimshika, akawatupa kama maganda. Nikawaambia, ondokeni, mnamwudhi mnyama. Nikamkazia macho. Akalala mwenyewe, Sindano, ubavu wa kulia, na alipochoka akageuka ubavu wa kushoto bila kuambiwa. Nilimnyoa mpaka akasinzia. Alipoamka akatafuta koti lake uwanja mzima. Na nilimnyoa kwa mkono huu huu wa kushoto mnaoucheka siku zote wewe na mama yako.

Kwenye mfuko kuna madonge ya uzi kwa ajili ya blanketi lako la mtihani. Mama yako aliyasokota kwa haraka kidogo, usishangae ukiona mahali pametuna, lakini mkono wa fundi ni mkono wa fundi. Anasema usihangaike kuja. Kaa hapo hapo mpaka upate kiti chako cha ufundi, ndipo uje umwonyeshe cheti.

Wako anayetisha kondoo kwa macho,
Mjomba

20 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Hali ya mama? Miguu yake haivimbi tena? Mimi sijambo, ila vidole vinauma na Bi Mkasi ameanza kutembea nyuma ya migongo yetu kama mtu aliyepoteza sindano. Chumba chetu cha kazi kina dirisha moja, na anayekaa mbali nalo anafuma kwa kubahatisha. Mimi nakaa mbali nalo.

Nimecheka kisa cha dume mpaka wenzangu wakauliza. Niliwasomea. Mmoja amesema anataka kuolewa na wewe, nikamwambia hujui unachoomba.

Mjomba, uzi umefika, ahsanteni, lakini una mambo yake. Tafadhali mwulize mama, na umsomee hapa polepole. Uzi wake siku zote unazunguka kulia. Anashika pia, kile kijiti chake cha kusokotea, anaipa msukumo kwa vidole vya kulia, inashuka ikizunguka kulia, basi. Mimi huku nachukua nyuzi zake mbili naziunganisha kwa kuzungusha kushoto. Ule mzunguko wa kwanza unalegea kidogo, nyuzi zinakumbatiana, zinatulia. Ndivyo alivyonifundisha nikiwa sijui hata kufunga viatu.

Safari hii nilichukua uzi mmoja wa donge la zamani na mmoja wa donge jipya. Nikazungusha kushoto kama kawaida. Uzi wa zamani ukatulia. Ule mpya ukazidi kukaza, ukajikunja vifundovifundo, ukamzonga mwenzake kama anataka kumnyonga. Nikajaribu nyuzi mbili mpya peke yake. Zikawa ngumu kama waya, na nilipoachia mkono zikajisokota zenyewe hadi kwenye kiwiko. Bi Mkasi akazichukua, akaziinua dirishani, akasema, "Huyu aliyesokota huu ana ugomvi na nani?"

Ingekuwa wewe si mvivu ningesema umeshika pia ya mama. Unakumbuka alivyokuwa anakufukuza? "Toka hapa na mashoto yako, utanigeuzia uzi wote!" Na wewe ulikuwa unasema uzi ni uzi.

Mwulize mama amebadilisha nini. Mtihani ni mwisho wa Mei, na blanketi lazima liwe la uzi nilioukaza mwenyewe, nyuzi mbili mbili.

Mpwa wako,
Sindano

9 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Salamu tena na tena. Sisi wazima, hata paka mzima. Mama yako anakusalimu sana, kwa mikono miwili.

Nimemsomea barua yako neno kwa neno. Na jibu la uzi tumelipata, wala si jambo kubwa. Ni kondoo. Mwaka huu nimewapeleka kule kwenye kilima chenye mawe, na kile kilima kina njia moja tu, ya kuzunguka kwa kushoto. Miezi mitatu kondoo wanazunguka kushoto! Miguu ya upande ule imefupika, nakuapia, ukiwaweka tambarare wanaegemea kama walevi. Sasa manyoya yatakuwa na akili gani? Yanaota yakielekea huko huko. Mwambie Bi Mkasi aandike hilo kwenye vitabu vyake, na aweke jina langu.

Mama yako anakula vizuri. Namlisha mwenyewe kwa kijiko, kwa mzaha tu, kama bibi harusi. Kitanda tumekisogeza karibu na dirisha ili aone uwanja. Halafu ana vituko siku hizi! Mimi nikikaa pale kwenye kigoda na vikazi vyangu vya mikono, ananitolea macho, anagonga ubao wa kitanda, ko ko ko, kisha ananyoosha kidole cha mkono wa kushoto na kuchora duara hewani. Anazungusha hivi, kuelekea kulia, tena na tena, kama mtu anayekoroga chai. Mimi nasema huyu anataka muziki. Basi nasimama namchezea. Ninavyocheza mimi unajua, mtu hujuta kuwa na miguu yake. Anagonga ubao kwa nguvu zaidi. Tumefurahi sana.

Nimekuletea madonge mengine manne. Safari hii mazuri zaidi.

Usije. Kiti kwanza.

Wako, mcheza ngoma wa kitandani,
Mjomba

25 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sitauliza hali, maana hali ndiyo barua yenyewe.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Usingizini ikanirudia. Nikaamka nikaisoma tena na sikucheka.

Mama anakutolea macho. Mama anagonga ubao. Mama anachora duara, kuelekea kulia. Mjomba, huyo hatafuti muziki. Anakuambia uzungushe ile pia kulia. Wewe unasokota mbele yake kwa kushoto, siku baada ya siku, anakuona unaharibu, na wewe unasimama unamchezea ngoma!

Sasa nijibu hili tu. Mama yangu niliyemwacha akiharibiwa uzi anapiga kelele mpaka jirani anatoka nje. Kwa nini achore hewani? Kwa nini asikuambie kwa mdomo? Na kwa nini anachora kwa kidole cha mkono wa kushoto? Mkono wa kulia uko wapi? Kijiko cha nini?

Sitaki kilima. Sitaki dume mweusi. Nataka neno moja. Mama anaongea au haongei? Ukiniambia haongei, nafunga mzigo siku hiyo hiyo. Mtihani utarudi mwaka mwingine. Bi Mkasi amesema anayenyanyuka sasa kigoda chake kinapewa mwingine, nami nimemwambia kipewe. Nangoja neno lako tu.

Sindano

10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Bado hujajibu. Naandika tena, pengine ile ya kwanza imepotea njiani. Mama anaongea?

Nimeshusha sanduku langu kutoka juu ya kabati. Liko karibu na mlango.

Sindano

19 Aprili

Sindano,

Barua zako zote mbili nimezipata. Nilikuwa na kazi.

Mama yako aliumwa mkono, sasa ni nafuu. Ndiyo maana nilimsaidia kusokota. Nimeelewa kuhusu kulia. Nazungusha kulia.

Anaongea. Amesema ufanye mtihani.

Mjomba

3 Juni

Mjomba wangu, na Mama yangu mpenzi unayesomewa hapo dirishani,

Shikamooni wote wawili! Hamjambo? Mimi sijambo, sijambo, sijambo.

Nimefaulu. Nina kiti. Kiko karibu na dirisha, Mjomba, umwambie Mama hivyo, karibu kabisa na dirisha! Bi Mkasi alinipa mkono mbele ya watu wote, mkono mkavu kama ubao, akasema, "Kaa." Nikakaa.

Lazima niwaeleze kuhusu blanketi. Nilikuwa na madonge ya Mama ya zamani, hayakutosha. Nilikuwa na yako, Mjomba, yaliyogeuka. Kuyatupa nilishindwa. Nikawaza, kama uzi umekwenda kushoto, mimi si niukaze kulia? Nikageuza mkono. Nilihisi kama naandika jina langu kutokea mwisho. Lakini nyuzi zilishikana, Mjomba, zikalala kimya kabisa. Haukuwa uzi mbaya. Ulikuwa unataka tu mtu wa kuufuata.

Basi nimefuma vipande viwili. Kimoja chote ni uzi wa Mama, kingine chote ni wako, nikaviunganisha katikati kwa mshono. Rangi ni moja, ile ile ya kondoo. Lakini ukiliinamisha kwenye mwanga upande mmoja unang'aa, mwingine unakuwa na kivuli. Ukigeuza, zinabadilishana. Waliokuja kutusahihisha walilizungusha kwenye meza kama watoto. Mmoja akauliza nani amesokota. Nikasema, mama yangu na kaka yake.

Mjomba, nikuombe radhi kwa ile barua kali. Nilikuwa nimeogopa. Nilipopata jibu lako, lile fupi, niliketi juu ya sanduku nikalia kwa furaha. Unajua kwa nini nililiamini? Halikuwa na dume wala kilima. Halikuwa na fahari hata kidogo. Nikasema, Mjomba akiacha kujisifu basi anasema kweli. Nikarudisha sanduku juu ya kabati.

Nakuja mwisho wa mwezi, nimepewa ruhusa. Blanketi nalileta mwenyewe. Mama asifunikwe kingine chochote mpaka nifike.

Binti yenu, fundi,
Sindano

15 Juni

Kwa mpwa wangu,

Nakusalimu.

Kaa kwenye kiti chako kwanza ndipo usome.

Mama yako hayupo. Alikwenda katikati ya Mei, asubuhi, wiki mbili kabla ya mtihani wako. Tumemzika nyuma ya nyumba kwenye lile jiwe alilokuwa anaanikia sufu.

Aliangushwa na kiharusi Januari, hata barua ya kwanza sijakuandikia. Upande wa kulia wote ulikufa, na mdomo. Hakusema neno tena tangu siku ile. Jambo la mwisho alilosema akiwa na mdomo wake ni lako. Tulikuwa tunachambua sufu, tunabishana upuuzi, akasema, "Nikiugua usimwite yule mtoto. Asinyanyuke kwenye kigoda kwa ajili yangu." Nikamwambia wewe huugui, wewe utanizika mimi. Akasema, "Niapie." Nikaapa, kama ninavyoapa kila siku juu ya kila kitu. Siku ya pili yake akaanguka na sufu mkononi.

Madonge nilisokota mimi ili usishtuke. Nilijua ukikosa uzi utauliza.

Barua yako ya kidole nilimsomea. Nilipofika pale uliposema ananiambia nizungushe kulia, alifumba macho, machozi yakamtoka upande mmoja tu, ule uliokuwa hai. Nikachukua pia yake kwa mkono wa kulia. Ikaniponyoka, nikaiokota. Ikazunguka kulia, uzi ukatoka mnene kama kamba ya kufungia mbuzi. Akanitazama. Kidole akakishusha juu ya shuka. Hakukinyanyua tena mpaka mwisho. Miezi yote ile alikuwa ananipigia kelele kwa kidole, na mimi nacheza.

Siku ile ndiyo ilikuwa ya kukuita. Karatasi niliiweka mezani. Lakini alikuwa ametulia, anakunywa maji vizuri, na rangi imerudi usoni. Nikasema tuna muda. Nikasema amalize mtihani, aje na cheti, dada yangu akione. Nikaandika yale niliyoandika. Niliandika karatasi nyingi kabla ya ile, zote zilikuwa na visa, nikaona utanijua. Ndipo nikaiacha tupu.

Nilitaka kukuandikia kwamba siku ya maziko kondoo wote walikuja hadi kaburini wakalia. Hawakulia. Walikuwa wanakula.

Ule uzi mnene nilimwachia mkononi. Yule mama aliyekuja kumwosha alitaka kuutoa, nikakataa.

Njoo au usije, mlango ni wako. Kitanda bado kiko dirishani.

Mjomba wako

21 Julai

Sindano,

Salamu. Mwisho wa mwezi ulipita. Nilikwenda barabarani kukungoja, na kesho yake. Nikasema pengine ruhusa imesogezwa.

Mimi mzima. Nimeanza kusokota kila siku, kwa kulia. Sasa unatoka mwembamba. Si wa kujisifia, ila unaweza kupita tundu la sindano kubwa.

Niandikie hata matusi. Ninayo shule ya kuyasoma.

Mjomba

2 Septemba

Kwa mpwa wangu,

Nakusalimu. Natumaini u mzima. Mimi niko.

Mzigo wako umefika jana. Nilipouona nilijua ni blanketi, nikaufungua nimesimama hapo hapo mlangoni. Ni nusu. Hukukata kwa mkasi. Umefumua mshono wa katikati polepole, kitundu kwa kitundu, jinsi alivyokufundisha, na pindo lote limebaki zima. Nimelikung'uta. Nimegeuza karatasi ya kufungia ndani nje. Barua haimo.

Kwanza nilifurahi, hilo sikufichi. Nilisema, ameniletea nusu ya dada yangu, nami nijifunike. Nilikaa nalo mapajani muda mrefu.

Kisha nikalipeleka dirishani. Zamani ningeona blanketi tu. Sasa najua kutazama. Nilifuata uzi kwa ukucha kutoka pembe moja hadi nyingine, mstari kwa mstari, mpaka jua likahama. Kila mahali nyuzi mbili zimekazwa kulia, na ukizitenganisha, kila mmoja ndani umezunguka kushoto.

Ni wangu wote. Hakuna hata mmoja wa kwake.

Nimekuelewa. Hilo halikuhitaji barua.

Ni fupi, likifika kifuani miguu inabaki nje. Ninalala nalo hivyo hivyo.

Mjomba wako